Sultani Aliyeniambia Ngoja

Niliyoyaona niliyaona alasiri, jua likiwa jeupe, mbele ya umati wa watu na kamera ya Wazungu. Natanguliza hilo kwa sababu najua mtakaloniuliza. Ulikuwa na homa? Ulisinzia? Au ni elimu imekuzidi kichwani? Maswali hayo nimejiuliza kabla yenu, pamoja na mengine ambayo nyinyi hamtayafikiria, maana mimi ni mtu wa kujiuliza. Nikifunga mlango hurudi kuushika nione kama kweli nimeufunga, na nikiwa njiani hujiuliza kama katika kuushika sikuufungua. Mtu wa namna hiyo angefurahi sana jambo hili likiwa uongo. Niaminini, nimeutafuta uongo wake kila upande. Sikuupata.

Nilikuwa nimerudi kwetu Gazi, kusini ya Mombasa, kutoka chuo kikuu huko Uganda nikiwa na shahada ya historia. Shangazi yangu Mwanasha, aliyenilea, aliikunja shahada hiyo katika kitambaa akaitia ndani ya kasha lake, pamoja na sanda aliyojiwekea. Alisema vitu vya thamani havitumiwi kila siku. Kwa kweli haikutumiwa hata siku moja. Ofisini Kwale niliambiwa subiri. Mombasa niliambiwa subiri, barua yako tumeiona. Wakati ule sikujua kwamba neno hilo lilikuwa linanizoea.

Ndipo wakaja Wazungu wa televisheni. Walifikia hoteli moja ya Diani, na kila asubuhi lori lao liliteremka hadi kwenye magofu yaliyo baina ya Gazi na Bodo, mahali tunapopaita Kwa Mwinyi. Hapo pana kuta za mawe na chokaa zilizobaki kimo cha mtu, kibla cha msikiti, na uwanja ambao majani hayaupendi. Walikuwa wanapiga picha ya mchezo mrefu juu ya sultani mwenye nguvu aliyetawala pwani hii zamani, mchezo wa kuonyeshwa katika nyumba za watu huko Uingereza, wiki hata wiki. Walihitaji mtu wa kutafsiri na kuwashauri juu ya mila. Nikaajiriwa.

Mkubwa wao alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa shingo, asiyekaa kitini. Neno la Kiswahili alilolijua ni moja, nalo nilimfundisha mimi: "tena." Kila kitu kilirudiwa. Mtu akipita na mtungi, tena. Mbuzi akilia, tena. Watu wa Bodo walioajiriwa kuwa askari na raia wa sultani wakampa jina la Bwana Tena. Bwana huyo, kwa kuwa niliamka mapema na kusoma karatasi zake zote, aliniahidi jambo. Kazi ikimalizika salama angenichukua meli moja naye hadi London, kwenye nyumba yao ya televisheni, nikae chumba cha waandishi wa michezo ya Afrika. Pasipoti yangu aliishughulikia mwenyewe. Je, mnaelewa hilo lilikuwa na maana gani kwangu? Mwaka mzima wa subiri, kisha mtu anakwambia twende.

Jioni ile nilimweleza shangazi.

"Televisheni ndiyo nini, mwanangu?"

"Ni kama redio, shangazi, lakini unamwona na anayesema."

"Redio yenye uso."

"Ndiyo."

"Na huyo sultani mtakayemtia humo, wamemtaka radhi?"

"Shangazi, huyo ni wa hadithi tu. Wala hajulikani hasa ni nani."

"Basi kama ni wa hadithi, mbona mmeenda kumpigia picha nyumbani kwake?"

Nikanywa chai. Lakini kitandani niligeuka huku na huku nikilitafuta jibu, kama kawaida yangu.

Kazi yenyewe ilinichosha roho. Nilikuwa mshauri ambaye ushauri wake ulilipwa na kutupwa. Mwandishi mmoja wa huko kwao alikuwa amempa sultani jina la Kombo. Jina halina ubaya, nina binamu wawili wanaoitwa hivyo, lakini ni jina la kumficha mtoto na kifo, si la mtu wa kupigiwa baragumu. Niliposema hivyo Bwana Tena alijibu kwamba watazamaji wataweza kulitamka. Hamisi, mkata boriti wa Bodo aliyepewa nafasi ya mwizi, alicheka mpaka akakaa chini. "Sultani Kombo," alisema, "na waziri wake Matano, na jeshi lake la mbuzi." Kisha wakaleta ngamia. Nikasema wafalme wa huku hawakupanda ngamia, walitembea chini ya mwavuli. Ngamia akaletwa hivyo hivyo, akalala mchangani siku nzima akitutazama kwa dharau. Siku hiyo tulikuwa na fikira moja, mimi na ngamia.

Jambo moja nililoshinda ni siwa. Wenye kujua historia ya pwani wanaijua, ile baragumu kubwa ya pembe ambayo bila ya mlio wake mfalme hakuwa mfalme. Niliwaambia hawawezi kumkalisha sultani kitini bila siwa. Wakakubali, lakini kwa namna yao. Seremala wa Gazi alichonga gogo la mfenesi likapata umbo la pembe, likapakwa rangi ya maziwa. Halikutobolewa. Mlio, alisema Bwana Tena, utatiwa London. Nawaomba mlikumbuke gogo hilo. Nililishika kwa mikono yangu, nikatia kidole mdomoni mwake, kikagota kwenye mti.

Sultani wetu alikuwa Salimini, karani kutoka Mombasa, mtu wa ndevu nzuri na sauti ya kijana. Siku ya mwisho ya kazi, siku iliyobaki kupigwa picha ya baraza la hukumu, Salimini akaamka na malaria. Nilimkuta amejikunja chini ya mablanketi, meno yakigongana. Nikamwambia Bwana Tena. Akasema bila baraza hilo mchezo hauna mwisho, na bila mwisho hakuna mchezo, na meli haiwezi kungoja. Hakusema "na wewe huendi popote." Niliyamalizia mwenyewe maneno hayo, katika kichwa changu, mara nyingi.

Tulimjaribu kila mwanamume mwenye ndevu. Mmoja alicheka akivikwa kilemba. Mwingine alitazama kamera kama anayetazama nyoka. Mchana ukapita hivyo, jua likituchoma, Bwana Tena akizunguka uwanja na kofia yake mkononi. Nikaenda kukaa karibu na kile kiti cha enzi kitupu, nimechoka kiasi cha kutotaka kuulizwa neno.

Nikasikia mitawanda. Mnavijua viatu hivyo vya mti, vinavyogonga sakafuni mtu akienda msalani. Vilikuwa vinakuja kutoka upande wa kibla, ko, ko, ko, polepole, kama mtu anayepita juu ya sakafu ya chokaa. Nikainua macho. Alikuwa mtu mzima asiye mzee, mweusi wa kung'aa, ana kilemba, shuka nyeupe na joho lililopauka. Alikuwa anakuja kwangu, na mitawanda ilikuwa inagonga, na chini palikuwa na mchanga mtupu unaozamisha mguu.

Nilifikiri nini? Nilifikiri, ametumwa kutoka Msambweni, kuna mtu amesikia tunatafuta. Akili hupenda sana kuokota sababu iliyo karibu.

"Assalamu alaykum," akasema.

"Wa alaykum salaam. Shikamoo."

"Marahaba. Kiti hiki kinamngoja nani?"

Nami, kwa uchovu wa siku ile, kwa hasira ya siku zote zilizotangulia, nikajibu kama mtu anayefukuza inzi: "Kinamngoja sultani."

"Vyema," akasema. Akakaa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sikumpa mtu amri yoyote. Bwana Tena alikuwa upande wa pili wa uwanja. Lakini watu wa Bodo na Gazi waliokuwa wamelala vivulini waliinuka, na kila mmoja akavua viatu. Waliviacha nyuma, wakaja miguu mitupu juu ya mchanga wa moto, wakakaa chini nusu duara. Baadaye nilimuuliza kila mmoja wao nani aliyewaambia. Kila mmoja alisema alimwona mwenziwe akivua.

Kisha siwa ikalia.

Mshika siwa, kijana wa Gazi, alikuwa ameliinua gogo lile mdomoni kwa mazoea tu, kama alivyofundishwa, ajaze mashavu bila kutoa sauti. Ikatoka sauti nzito, ndefu, ya kutikisa kifua, na kunguru wote wakaruka mikokoni. Kijana akaishusha akaitazama. Mzee Denisi, Mzungu wa kinasa sauti, akavua vyombo vyake masikioni na kusugua sikio, kisha akanionyesha kidole gumba kwa furaha.

Bwana Tena alikuja mbio. Alimtazama mtu yule kitini, akanishika bega. "Umemtoa wapi huyu?"

"Sijui," nikasema.

Akacheka akidhani ni unyenyekevu wangu. Akawapigia kelele wapiga picha. Katika mchezo, mwizi aliyeiba lulu za Sultani Kombo huletwa amefungwa, naye sultani huamuru atupwe baharini na jiwe. Nikasogea kwa mgeni ili nimweleze maneno yake. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Hamisi, aliyekuwa anasukumwa mbele na askari wawili, kamba mikononi, uso wake bado una kicheko.

"Umeshitakiwa nini?" mgeni akauliza.

"Wizi, Maulana," akasema Hamisi. Neno la Maulana halikuwamo karatasini. "Lulu za Sultani."

"Uliziiba?"

"Nimeambiwa niseme niliziiba."

"Nani aliyekwambia?"

Hamisi hakuweza kuinua mikono kwa sababu ya kamba. Akanielekea kwa kidevu. Ni kweli, mimi ndiye niliyemsomea maneno yake asubuhi. Mgeni akageuka kwangu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kicheko cha Hamisi kimekwisha.

"Wewe umeziona lulu hizo?"

"Maulana, hakuna lulu. Ni mchezo."

"Hakuna lulu," akasema taratibu, kama anayeliweka kila neno mahali pake, "na mtu amefungwa kamba. Mfungueni."

Askari wakamfungua. Hawakuninong'oneza kuuliza, hawakumtazama Bwana Tena. Walifungua fundo wakarudi nyuma bila kugeuza migongo.

"Tena!" akasema Bwana Tena. Alikuwa amefurahi mno, hata kosa la kumwachia mwizi halikumsumbua. Alitaka kila kitu kirudiwe, kamera iwe karibu. "Mwambie tena, maneno yale yale."

Hapo ndipo nilipoteseka. Mmewahi kusimama baina ya watu wawili, kila mmoja hajui kama mwenziwe anaweza kukataliwa? Nikamwambia mgeni kwa adabu zote nilizolelewa nazo kwamba mkubwa huyu anaomba aseme mara ya pili.

"Ya kwanza hakuisikia?"

"Ameisikia, Maulana."

"Hakuielewa?"

"Ameielewa."

"Sasa mtu amekwisha kufunguliwa. Anataka nimfungue nani?"

Nikamgeukia Bwana Tena nikasema mzee amechoka kidogo. Bwana Tena akasema, mwambie ni dakika moja, ni kwa ajili ya kamera. Nikamgeukia mgeni, nikasema, Maulana, anaomba kukutazama kwa karibu.

"Na atazame. Nimemkataza?"

Kamera ikasogezwa hadi hatua chache tu mbele ya uso wake. Alikaa. Hakupepesa macho. Naapa inzi alitua juu ya kilemba akaondoka mwenyewe, kama aliyeona amekosea nyumba. Bwana Tena alikuwa anatetemeka kwa furaha. Alinong'ona kwamba katika miaka yake yote hajaona uso kama ule. Kisha akapiga makofi, akasema yametosha, kazi imekwisha, watu wakanywe chai.

Mzungu akisema kazi imekwisha, Wazungu huondoka. Watu wetu hawakuondoka. Ninyi mnaotoka sehemu hizi mnajua. Hutoki katika nyumba ya mtu, wala barazani kwa mtu mzima, mpaka umuage na akuruhusu. Hata mtoto anayekwenda dukani husema, "Naomba ruhusa." Basi walimwendea mmoja mmoja, wamepinda migongo, mkono kifuani. Hakuna aliyecheka.

"Tupe ruhusa, Maulana."

"Ruhusa. Nenda na amani."

"Naomba ruhusa."

"Ruhusa. Mtazame mamako."

Hamisi akaja wa mwisho, vifundo vya mikono vikiwa vyekundu kwa kamba. "Naomba ruhusa, Maulana."

"Ruhusa. Nenda utakako, hakuna wa kukuzuia."

Nikabaki mimi. Moyo wangu ulikuwa tayari umeshapanda meli, nasema kweli, lakini miguu ilikwenda pale pale walipokwenda wengine. Nikaweka mkono kifuani.

"Naomba ruhusa, Maulana."

"Unakwenda wapi?"

"Ulaya."

"Kuna nini huko?"

"Nimepata kazi. Nitawaeleza habari zetu."

"Habari za lulu?"

Nikainamisha kichwa.

"Za Kombo?"

Sikujua jina hilo amelisikia wapi. Hakuna aliyelitamka mbele yake.

"Ngoja," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu mwenye kazi nyingi anavyomwambia mtu ambaye shauri lake linataka nafasi. "Ngoja kwanza. Sijamaliza nawe."

Bwana Tena akaniita. Akaniita tena, kwa jina, kwa sauti ya kukatika: njoo haraka, muulize huyu bwana jina lake, lazima liandikwe mwisho wa mchezo. Niligeuza kichwa, kichwa tu, nikamjibu nakuja. Nilipokirudisha, kiti kilikuwa kitupu. Joho la mchezo, lile la Salimini, lilikuwa bado limekunjwa mkononi mwa kiti, halijavaliwa na mtu. Na nilisikia mitawanda ikienda upande wa kibla, ko, ko, ko, ambako ukuta hauna mlango.

Tulimtafuta. Msambweni hawamjui, Funzi hawamjui. Watu wa Bodo waliokaa miguuni pake walitikisa vichwa. "Huyo si ulikuja naye wewe?" waliniuliza. Hamisi pekee hakutikisa kichwa. Alisema, "Kaka, nilikuwa naogopa sana wakati ule. Si kwa ajili ya mchezo. Niliogopa kama mtu anayesubiri hukumu. Na aliposema mfungueni, nililia. Ulinitazama?" Sikuwa nimemtazama. Nilikuwa natafuta maneno ya Kizungu.

Siku ya safari Hamisi alinisindikiza Likoni akiwa amebeba sanduku langu kichwani. Meli ilikuwa Kilindini, ng'ambo tu, moshi wake ukionekana. Shangazi alikuwa ametoa shahada kashani, akaniwekea juu ya nguo. Nilikuwa na tai shingoni. Hamisi akatangulia kuingia feri. Mimi nikatia mguu kwenye mteremko wa saruji, nikasikia siwa.

Haikuwa honi ya meli. Honi naijua. Nilisimama kidogo tu nisikilize inatokea wapi, kiasi cha mtu kuvuta pumzi. Nilipotaka kuendelea, mwanamke wa kuuza mihogo alikuwa ananishika mkono, macho yamemtoka.

"We mwanangu, una nini? Feri zimekwenda na kurudi, sisi tunakuita, umesimama kama nguzo."

Kivuli changu kilikuwa upande mwingine. Ng'ambo ya maji hapakuwa na moshi. Hamisi alikuwa amekwenda na sanduku langu hadi Kilindini, akajaribu kuwaeleza Wazungu kwa mikono, wakangoja walivyoweza.

Nilijitibu kwa sababu, kama mtu anavyojitibu kwa mizizi. Nilisema ni jua. Nilisema ni woga wa safari, maana nimesoma kwamba mwili una hila zake. Niliporudi Likoni mara ya pili nilikula kwanza, nikavaa kofia. Nikasimama pale pale, mpaka jioni. Mara nyingine nilikwenda njia ya kusini, nipite Lunga Lunga niingie Tanganyika, nipande meli Tanga. Kabla ya mpaka gari lilisimama tujisaidie. Nikashuka. Abiria waliporudi garini walinikuta nimesimama kando ya barabara, mkono kifuani, kichwa nimekiinamisha. Utingo alinitikisa, akasema, "Bwana, unamwamkia nani, mkonge?" Wakacheka, wakaniacha.

Shangazi alinitafutia mwalimu wa kunisomea. Alikuja, akasoma, akaniuliza yaliyotokea, kisha akafunga kitabu. "Ungekuwa umepagawa ningekutoa," alisema. "Lakini wewe umezuiliwa barazani. Mimi nani niingilie baraza la mtu?"

Nilikasirika. Bado nina hasira, sifichi. Kosa ni la nani? Si mimi niliyemwita Kombo. Si mimi niliyeandika lulu. Mimi nilisema ngamia hawafai. Aliyeandika yuko kwao anakunywa chai, Bwana Tena amepata sifa, Salimini amepona malaria na kurudi ukaranini, Hamisi anafanya kazi bandarini Mombasa na kila Idi huja na zawadi, amevaa koti langu lililokuwa ndani ya sanduku. Nilimwambia alichukue. Huvuka feri kama anayevuka uwanja wa nyumba yao. Nami nafundisha watoto Msambweni, historia, nikiwaonyesha kwenye ramani nchi ambazo siwezi kuzikaribia.

Kila alasiri, shule ikifungwa, nakwenda Kwa Mwinyi. Navua viatu, nasimama mahali palipokuwa na kiti, nasema, "Naomba ruhusa, Maulana." Nimeshamweleza kila kitu. Nimemweleza kwamba sikuwa na mamlaka. Nimemwambia lulu hazikuwapo na kwamba najua hazikuwapo. Siku nyingine nampigia kelele, nikaona aibu, nikamtaka radhi. Wanaonijibu ni kunguru.

Nilidhani nimekwisha kuyajua yote, mpaka mwaka uliopita alipopita mzee Denisi, yule wa kinasa sauti, amekuja kupumzika Diani. Alinitafuta hadi nyumbani. Shangazi akampa kiti na maji ya madafu. Alisema mchezo umeonyeshwa, watu wengi wameupenda, na baraza la hukumu ndilo lililosifiwa kuliko yote. Mlio wa siwa waliuacha ule ule alioukamata yeye.

"Na wewe ulitokea vizuri sana," akaniambia.

"Nilitokea wapi?"

"Katika picha. Nyuma ya kiti, mkono wa kuume wa sultani. Ile mnayofanya, mkono kifuani. Lakini kamera ilipomsogelea, wewe ulikuwa karibu yangu, nyuma yake. Nimekuwa nikitaka kukuuliza. Uliingia lini?"

Nikamtafsiria shangazi. Alipangusa kata ya dafu kwa ncha ya leso.

"Basi Ulaya umefika," alisema.

Siwezi kuwaeleza jinsi maneno hayo yalivyonikata. Kule London, katika sebule za watu nisiowajua, nimesimama ndani ya sanduku la kioo, nangoja. Na huku Gazi nangoja. Kijana mmoja, mahali pawili, na ruhusa sina popote.

Nasikia siku hizi kwamba televisheni itakuja na kwetu, na wenye kalamu wanaandaa michezo ya wafalme wa kale. Ninyi mtakaoitwa kuicheza, nisikilizeni. Msidhani aliyekufa hana neno la kusema juu ya mliyoyasema. Mkienda nyumbani kwake, mtakeni radhi kabla hamjafungua kamera, na kiti cha mtu msikiache kitupu mkaulizwa ni cha nani. Mkishakuwa mbele yake, hata kama mmelipwa kuwa hapo, msitoke bila ruhusa. Akikwambia ngoja, usigeuke kumjibu mwingine, hata akikuita kwa jina lako. Muulize palepale, kwa adabu: Maulana, mpaka lini?

Mimi sikuuliza alipokuwa mbele yangu. Adhana ya alasiri imekwisha. Viatu naviacha hapa mlangoni, leo nakwenda miguu mitupu tangu nyumbani.